Kamba ya Kupandia Mahindi

Mtaroni, Sumbawanga
19 Novemba 2023

Mwanangu mpendwa Zenon,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo, baba? Kile kikohozi kimekuacha au baridi ya Mbeya imekirudisha? Sisi hapa hatujambo, ila goti langu la kushoto linaleta maneno kila mvua ikikaribia. Kuku wamepungua. Wengine waliliwa na wale vijana wako wa kupima, na sijutii hata mmoja.

Najua utasema, mama, si ungepiga simu. Simu ni ya kuulizana hali. Mtu aliyemaliza darasa la saba, mwandiko wake ukaonyeshwa kwa mkaguzi, hawezi kusema mambo yake kwa kupiga kelele kwenye kisimu kilichofungwa raba. Kondakta wa basi la asubuhi ananijua, atakuachia hii ofisini kwenu.

Mwanangu, tangu uondoke mtaa huu hauna habari nyingine. Ulivyoshuka kwenye gari na kile kizibao cha rangi ya chungwa, ukasimama nyuma ya chombo chako cha miguu mitatu, ukafumba jicho moja, watu wote walitoka nje. Mimi nilikaa mlangoni kwangu kimya, niwaache waone wenyewe. Haya, nilisema maneno mawili matatu. Nilisema, yule aliyefumba jicho nimemzaa mimi, na ndiye injinia atakayetuondolea maji ya watu wa juu.

Maana unajua tulivyoteseka. Tangu wakoloni wachimbe ule mtaro wao wa zamani, kila masika maji ya barabara na ya milima yote yanakuja kulala kwetu. Sasa mtaro mpya wa zege unakuja, na anayeuchora ni mtoto aliyeogelea kwenye maji hayo akiwa uchi. Nikisema Mungu ni mkubwa, nakosea?

Margareth, Mama Victor, alikuja kuangalia vigingi vinavyopita nyuma ya nyumba yake. Hakusifu. Yule hawezi kusifu, utadhani atatozwa. Lakini alikaa muda mrefu akitazama.

Krismasi uje. Ulezi wa pombe nimeshautenga.

Mama yako, mama wa injinia,
Redempta


Mbeya
27 Novemba 2023

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, kikohozi kimeisha. Pole na goti. Usilipake mafuta ya taa, tafadhali, nenda hospitali.

Mama, nimekwambia mara nyingi, mimi si injinia. Mimi ni mpimaji. Injinia yuko ofisini, ana kiti cha kuzunguka.

Nina maombi mawili. La kwanza, ulinde vigingi visiguswe na watoto wala mbuzi. Kila kigingi kina sababu ya kukaa pale kilipo. Kijiko kitakuja kuchimba baada ya mwaka mpya, nami nitatangulia kuja kuvikagua kimoja kimoja. La pili, hebu niandikie kila unachokumbuka Babu Isdori alichosimulia kuhusu ule mtaro wa zamani. Ramani zake hazipo, nimetafuta hadi nimechoka. Nimechimbua kidogo hapa na pale nikapata pa kuanzia, lakini maneno ya mtu aliyeuchimba yangenisaidia.

Krismasi nitakuja. Msalimie Mama Victor, mwambie nimekumbuka maandazi yake.

Mwanao,
Zenon


Mtaroni, Sumbawanga
10 Desemba 2023

Mwanangu Zenon, mboni ya jicho langu,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako niliisoma mara ya kwanza peke yangu na mara ya pili bombani, kwa sauti. Afya yangu nzuri, goti limetulia, mahindi yameota vizuri sana. Natumaini unakula. Ulipokuja niliona shingo imekuwa nyembamba.

Umeuliza ya babu yako. Alikuwa akisimulia hivi. Zamani hapa hapakuwa na juu wala chini. Ilikuwa ni vijumba vya udongo na mashamba ya ulezi, na kila mtu alichota maji kisima kimoja, hapo penye bonde. Mwaka wa hamsini na saba serikali ya kikoloni ikaleta barabara, ikaleta tangi kule kilimani, ikaleta na mabomba. Watu wakachukuliwa kuchimba, babu yako akiwa kijana ambaye hajaoa. Walifurahi, alisema, waliimba kabisa, wakidhani bomba litafika kila mlango. Bomba likaishia juu ya barabara, kwa makarani na wafanyabiashara. Na ili barabara ile isiharibike, ukachimbwa mtaro wa matofali ya kuchoma, umefunikwa juu kama handaki, wa kuyatoa maji huko na kuyaleta huku. Kisima kikaingia uchafu kikafa. Watu wa juu wakaezeka bati, sisi tukabaki na nyasi na mbu. Wakatuita watu wa majini. Mtu na ndugu yake tumbo moja wakaacha kutembeleana kwa sababu mmoja yuko juu na mwingine chini. Babu yako alikuwa akisema, nimelichimba kaburi la mtaa wangu kwa mikono yangu, nikalipwa kofia.

Baada ya uhuru mtaro uliziba, ukaota majani, watu wakajenga juu yake. Ulipita wapi hasa? Alikuwa akinyoosha kidole upande wa kwa kina Margareth, lakini alipozeeka alinyoosha kidole kila upande. Usimtegemee.

Sasa sikia kilichonipata. Juzi bombani Margareth kaniambia mbele ya wanawake wote:

"Mama Zenon, hivi mwanao chuoni alisomea kuchora mkojo wa ng'ombe?"

Nikamwambia sema vizuri.

"Vitazame vigingi vyake. Ng'ombe anatembea, anakojoa, akifika nyuma ya kwangu anakata kona. Hata mimi nisiyesoma nikipanda mahindi mstari unanyooka."

Walicheka hadi mmoja kamwaga ndoo. Nilijitwisha maji yangu nikaondoka, mgongo umenyooka. Mtoto wangu! Mkojo wa ng'ombe!

Usijali. Nilijua la kufanya na nimelifanya. Hiyo ni zawadi yako ya Krismasi, utaiona kwa macho. Vigingi vyako usiviwazie kabisa, vimesimama kama askari wa gwaride. Hata usihangaike kukagua, uje kula tu.

Mama yako, mama wa injinia,
Redempta


Mpanda
4 Januari 2024

Mama,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Nisamehe. Nilikuwa nimeshakata tiketi ya kuja, nikaletwa huku Mpanda kwa kazi nyingine ya haraka. Krismasi nimekula chipsi na yai kwenye kibanda, nikakufikiria wewe na pombe yako ya ulezi.

Asante kwa habari za babu. Kidole chake hakikukosea, nitakueleza nikija.

Msimamizi wa mkandarasi alinipigia, kijiko kimefika na hataki kukilaza bure. Nilimwomba anisubiri nikakague vigingi kwanza, akawa mkali. Nikaisoma tena barua yako, pale uliposema vimesimama kama askari. Nikajua hakuna atakayevilinda kuliko wewe. Basi nimemwambia aanze.

Huku mtandao unasumbua. Barua tuma Mbeya kama kawaida, nitazikuta nikirudi.

Mwanao,
Zenon


Mtaroni, Sumbawanga
21 Januari 2024

Mwanangu, fahari yangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo huko Mpanda? Huku ni vifijo! Kijiko kimeingia, kinanguruma tangu asubuhi, vikombe kabatini vinacheza. Mtaro unashuka kutoka barabarani hadi bondeni umenyooka kama uzi uliovutwa. Watu wa juu wenyewe wameshuka kuja kutazama. Watu wa juu, Zenon! Nimewapa viti.

Sasa nikwambie zawadi yako, maana Krismasi hukuja na mimi siwezi kuibeba tena peke yangu. Ile Jumapili baada ya maneno ya Margareth nilisali misa ya kwanza. Mtaa ulipokwenda misa ya pili, nikachukua kamba yetu ya kupandia mahindi, ile ya mafundo tuliyofundishwa na bwana shamba. Nikaiunga na kamba ya kuanikia nguo na ile ya mbuzi. Nikafunga kwenye kigingi chako cha juu, nikashuka nayo hadi cha chini, nikaivuta mpaka ikalia. Vile vya katikati vilivyokuwa vimekata kona nikaving'oa, nikavirudisha kwenye kamba, nikavipigilia kwa jiwe. Goti lilinikomesha! Lakini nilipoinuka nikatazama, mwanangu, ulikuwa mstari wa kupeleka kwenye maonyesho ya Nane Nane. Najua ulikuwa na haraka siku ile, na jua la mchana linadanganya jicho. Mama yako yuko, atakurekebishia.

Margareth alipotoka kanisani akashangaa. Nikamwambia, "Si ulisema? Mwanangu amesikia, ametuma vijana wake wamenyoosha." Akavizunguka, akaona sasa vinapita karibu kabisa na ukuta wake. Akasema, "Haya, huu sasa ni mstari." Margareth! Kasifu! Jioni yake akanitumia maandazi kwenye sahani yenye kitambaa.

Jana kijiko kilipofika hapo kwake kiligonga matofali, kukatokea shimo jeusi linanuka. Dereva akalijaza udongo, akalipiga piga, akaendelea. Kazi yako inakwenda vizuri.

Mama yako, mama wa injinia aliyenyooka,
Redempta


Mtaroni, Sumbawanga
8 Februari 2024

Mwanangu Zenon,

Tumsifu Yesu Kristo. Sijui kama u mzima, simu yako haipatikani. Mimi nipo.

Margareth amefariki. Tumemzika jana.

Ilikuwa mchana wa Jumamosi, mvua ilishuka ya mawe. Tulisimama vibarazani tukiutazama mtaro mpya, tukiulizana utaweza au hautaweza. Ulikuwa unaweza, maji yalikuwa yanakwenda. Mara Margareth akapiga kelele kutoka kwake. Maji hayakuja kutoka nje, Zenon. Yalitoka chini. Yalipasua sakafu ya chumba chake yakaja juu, meusi, na matofali ya zamani. Alitoka, nilimwona ametoka, kasimama na mumewe pale uani. Halafu akakumbuka gunia la ulezi. Mimi nilimwita, niliita, "Margareth, acha!" Akanijibu, "Ninyamazie, Mama Zenon, ulezi wa arusi ya Victor huu." Akaingia. Ukuta ule wa upande wa mtaro ukakaa chini kama mtu aliyechoka.

Alphonce, mumewe, alichimbua kwa mikono. Sote tulichimbua.

Wamekuja watu wa manispaa, wakaja na polisi, wakauliza nani alipima. Nikajitokeza nikawaambia, dereva aliziba shimo kwa udongo, kamuulizeni dereva. Kamuulizeni mkandarasi. Mstari wa mwanangu ulinyooka, kila mtu hapa ameuona. Mmoja akaandika. Nilimwambia aandike vizuri, amenyooka, hana kosa.

Nimekaa msibani kwa Margareth siku zote hizi. Nimepika mimi. Sahani yake yenye kitambaa bado iko kwangu.

Piga simu, baba. Au andika.

Mama yako, mama wa injinia,
Redempta


Mbeya
23 Februari 2024

Mama,

Shikamoo. Nimerudi kutoka Mpanda nikaitwa ofisini kabla sijaweka begi. Barua zako mbili nilizikuta mezani, ya Januari na ya Februari. Nimezisoma kwa kufuatana.

Sijui niandikeje. Nimechana karatasi nyingi.

Kona ile niliiweka mimi kwa makusudi. Mtaro wa babu unapita chini ya nyumba ya Mama Victor, chini ya chumba kile. Niliukuta nilipochimbua uani kwake. Ni mtupu ndani, maji ya juu bado yanauingia, na huko bondeni umeziba. Ukiutoboa hapo, na maji ya mtaro mpya yanauingia, hayana pa kutokea ila sakafuni. Kwa hiyo niliupindisha mstari niikwepe nyumba yake. Hiyo ndiyo sababu. Ningekwambia siku ile ile ungejua. Nilidhani ni mambo ya kazi, nikaona nitakuchosha. Nikasema nitaeleza Krismasi.

Ofisini nimeulizwa vigingi vilifikaje pale. Nimesema niliviweka mimi. Wameniuliza kama nilikagua kabla ya kuchimba, nimesema hapana. Hilo si uongo, mama. Ningekuja, ningeona. Kazi nimesimamishwa, na polisi wa huko wamenitaka niripoti.

Usimwambie mtu habari za kamba. Nakusihi. Barua yako ya Januari nimeichoma. Wewe unaishi hapo, bombani ni pale pale, na Baba Victor ni jirani wa mlango kwa mlango. Mimi naweza kuhama. Wewe utakwenda wapi?

Usilie sana. Dawa ya goti nimempa kondakta.

Mwanao,
Zenon


Mtaroni, Sumbawanga
17 Machi 2024

Zenon mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Dawa nimepata. Sijainywa.

Nimeisoma barua yako nimekaa chini. Kwa hiyo ulimwekea kona Margareth. Aliicheka ile kona, na mimi nikamwondolea.

Sikukutii, baba. Jumatatu nilivaa kitenge changu cha kanisani, nikatia kamba kwenye kikapu, nikaenda ofisini kwa polisi. Walinipa kiti, walinipa heshima yote. Nikawaambia, si mwanangu, ni mimi. Vigingi nilivihamisha mimi kwa hii kamba. Nikaitoa nikaiweka mezani.

Mkubwa wao, mtu mzima mwenye mvi, akaitazama, akasema, "Mama, kamba kama hii iko kila nyumba Mtaroni. Hata kwangu ipo."

Nikasema niliifanya Jumapili, watu wakiwa misa ya pili.

"Nani alikuona?"

Hakuna. Nilihakikisha hakuna.

Akafungua karatasi zake, akaniambia tayari wamewahoji majirani, na wote wanakumbuka nilichosema kwa kinywa changu, kwamba mwanangu ametuma vijana wake wamenyoosha. Nikamwambia nilidanganya siku ile, nilikuwa najisifu. Akanitazama kwa huruma mpaka nikatamani anipige. "Mama Zenon," akasema, "mtaa mzima unakujua unavyompenda huyu mtoto. Nenda nyumbani ukapumzike."

Zenon, maisha yangu yote nimesema uongo mdogo mdogo wa kukukuza na watu waliamini. Nimesema kweli moja, hakuna anayeitaka.

Njoo uwaambie wewe. Wewe watakusikiliza. Mimi nikifungwa, nimefungwa, nimeshaishi.

Mama yako,
Redempta


Mtaroni, Sumbawanga
9 Juni 2024

Mwanangu Zenon,

Tumsifu Yesu Kristo. Popote ulipo, naomba uwe mzima na uwe unakula.

Kondakta amenirudishia barua yangu ya Machi. Amesema imekaa pale ofisini muda wote, haijafunguliwa, na sasa wamemwambia hupo tena kwao na hawajui ulikokwenda. Simu inasema namba haitumiki. Polisi hapa wanasema uliripoti mara moja, ukatoa maelezo yale yale, ukaondoka. Kumbe ulifika Sumbawanga, baba. Ulifika, hukupita nyumbani.

Wamemaliza mtaro. Umewekewa zege na mifuniko. Palipokuwa chumba cha Margareth wamejaza mawe wakasawazisha. Masika yalipomalizika, hakuna tone lililoingia nyumba yoyote upande wa chini. Watu wa juu na watu wa chini sasa wanavuka kwenye mifuniko kama barabara moja, watoto wanacheza hapo. Babu yako angelitaka sana kuliona jambo hili. Kwenye kibao wameandika jina la mkandarasi tu.

Alphonce nimemwambia. Nilishindwa kukaa nalo. Nilimrudishia sahani ya Margareth, nikamwambia yote, mkojo wa ng'ombe, misa, kamba, jiwe nililopigilia. Nilipiga magoti, lile goti, kwenye saruji. Akaniinua. Akasema, "Mama Zenon, hata Margareth angekuwa yeye, kwa ajili ya Victor angesema uongo huo huo." Nikamwambia si uongo. Akanishika mkono akasema najua, najua, kama anavyobembelezwa mtoto mwenye homa. Halafu akasema wewe hana hamu ya kukuona tena, umwie radhi, lakini mimi hana neno na mimi. Tangu siku ile ananichotea maji. Kila asubuhi naikuta ndoo mlangoni, imejaa.

Bombani wamekuwa wapole mno. Nikifika wananipisha mstari. Hakuna anayenitania. Nikinyamaza wananyamaza, nikianza kusema Zenon, mmoja anaingiza mambo mengine, mvua, bei ya mbolea. Wanadhani wananisitiri.

Mahindi nimevuna. Yalikuwa mazuri, mistari imenyooka yote. Kamba nimeitundika pale pale mlangoni, watu waione. Wanapita, wanaiona, wanasalimia.

Barua hii nampa kondakta yule yule. Ameniuliza ampe nani. Nimemwambia aende nayo tu.

Mama yako